Asilimia ya ufanano haipimi uaminifu

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukifika, swali linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa uzamili ni moja: "Umepata ngapi?" Hawaulizani alama za mtihani. Wanaulizana asilimia iliyotolewa na programu ya kupima ufanano, Turnitin au nyingine ya aina hiyo. Mwenye 12 anashusha pumzi. Mwenye 38 anakesha akibadilisha maneno: "hata hivyo" inakuwa "licha ya hayo", kauli ya kutenda inageuzwa ya kutendwa, mpaka namba ishuke chini ya kiwango cha chuo. Ikishuka, kila mtu anaridhika: mwanafunzi, msimamizi, hata ofisi ya uzamili. Kazi imekuwa "safi".

Hapo ndipo tunapopotea. Huyo aliyekesha akibadilisha maneno huenda ndiyo kwanza ameanza kuiba, ilhali kabla ya hapo kosa lake lilikuwa kusahau alama za kunukuu.

Ili tuelewane, tuanze na kile ambacho makala ya kisayansi humwahidi msomaji. Ahadi ni mbili. Ya kwanza: yaliyomo humu ni kazi ya hawa walioandikwa majina, na pale tulipochukua kwa wengine tumesema. Ya pili: tunachosimulia kilitokea kweli, tulipima, tulihoji, tulihesabu, na watu tuliowachunguza walikubali. Wizi wa kitaaluma huvunja ahadi ya kwanza. Kughushi matokeo huvunja ya pili. Programu ya ufanano hugusa kipande kidogo cha ahadi ya kwanza, na ya pili haiigusi kabisa.

Inachofanya ni kulinganisha mfuatano wa maneno yako na maandishi yaliyomo kwenye hifadhi yake: kurasa za intaneti, majarida, tasnifu zilizopakiwa na vyuo. Ikikuta mfanano inapaka rangi na kuhesabu. Haiulizi kwa nini vimefanana. Jina refu la wizara, kifungu cha sheria, maelezo ya kawaida ya namna damu inavyochukuliwa maabara, orodha ya marejeo, vyote vinaweza kupakwa rangi. Mwanafunzi wa sheria aliyenukuu vifungu vingi kwa uaminifu anaweza kutoka na namba ya kutisha bila kuiba hata neno. Ndiyo maana mhariri makini wa jarida huifungua ripoti yenyewe na kusoma sehemu zilizopakwa rangi moja moja. Namba peke yake haimwambii kitu.

Tuone kwa karibu. Tuseme kuna makala imeandika hivi: "Wakulima waliopata mbegu mapema walipanda mapema, lakini mavuno yao hayakuzidi ya wenzao kwa sababu mvua za vuli zilichelewa." Sasa mwanafunzi anaandika kwenye tasnifu yake: "Waliogawiwa mbegu kwa wakati waliwahi kupanda, ingawa hawakuvuna zaidi ya wengine kutokana na kuchelewa kwa mvua za vuli." Hakutaja chanzo. Mashine itapita hapo kimya, kwa kuwa maneno yamebadilika. Lakini kilicho na thamani katika sentensi ile ni uhusiano ulioonyeshwa kati ya mbegu, mvua na mavuno. Kuna mtu alikwenda shambani, akahoji, akalinganisha, akaondoa maelezo mengine yote mpaka akabaki na hilo la mvua. Jasho lake limechukuliwa. Mtu mwingine angeandika: "Mtafiti fulani alieleza kwamba kuchelewa kwa vuli kulifuta faida ya mbegu za mapema, sisi tumekuta hali tofauti katika kata yetu, na tunadhani umwagiliaji ndio sababu." Huyu amechukua wazo lile lile, amemtaja mwenyewe, kisha ameongeza la kwake. Sayansi inaendelea kwa njia hiyo, na msomaji akitaka kuhakiki anajua aanzie wapi.

Kuna wizi mwingine ambao sisi tunaoandika Kiswahili tunapaswa kuuzungumza kwa sauti: wizi kwa njia ya tafsiri. Mtu anachukua sura nzima ya kitabu cha Kiingereza, anaitafsiri sentensi kwa sentensi, anaiweka katika tasnifu ya Kiswahili kama yake. Maandishi ya Kiswahili yaliyomo kwenye hifadhi za programu hizi ni machache ukilinganisha na ya Kiingereza, kwa hiyo ripoti inarudi na namba ndogo ya kupendeza. Na njia hiyo hupitika pande zote mbili. Tasnifu nzuri iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubaki kwenye rafu ya maktaba inaweza kuchukuliwa na mtu akaigeuza Kiingereza, akaichapisha ng'ambo kwa jina lake, na mwenye kazi asijue maisha yake yote.

Wizi wa maneno yenyewe una historia ndefu na sitaudharau. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari mmoja kutoka Mashariki ya Kati aliyekuwa akizunguka maabara za Marekani, Elias Alsabti, alichapisha makala nyingi ambazo nyingine alizichukua nzima nzima kwa watu, akazipiga chapa upya, akaweka jina lake na kuzituma kwenye majarida yasiyosomwa sana. Enzi hizo hapakuwa na intaneti, na kukamatwa kulitegemea bahati ya mwenye makala kukutana na kazi yake kwenye jarida la mbali. Leo ni rahisi zaidi. Machi 2011 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu baada ya watu wa kujitolea kuichambua tasnifu yake ya udaktari mtandaoni ukurasa kwa ukurasa, na chuo chake kikaifuta shahada. Miaka miwili baadaye, Februari 2013, aliyefuata kujiuzulu kwa sababu kama hiyo alikuwa waziri wa elimu wa nchi hiyo hiyo, Annette Schavan.

Lakini madhara ya wizi wa maneno mara nyingi huishia kwa walioibiwa na kwa heshima ya chuo. Makala iliyoghushiwa huenda mbali zaidi. Inafika wodini.

Makala ambayo mashine isingeikamata

Tarehe 22 Mei 2020, dunia ikiwa katikati ya taharuki ya Uviko-19, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliodai kuchunguza kumbukumbu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 katika mabara 6. Hitimisho lake: dawa ya hydroxychloroquine iliambatana na vifo vingi zaidi. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) likasimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Data yote ilitoka kwa kampuni moja ndogo ya Marekani, Surgisphere.

Watafiti wengine waliposoma kwa utulivu, waliona mambo yasiyoingia akilini, na mojawapo lilihusu Afrika. Kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa Uviko-19 waliokuwa wameripotiwa barani mwetu wakati huo wangekuwa wametibiwa kwenye hospitali zilizounganishwa na kampuni hiyo, zikiwa na kumbukumbu za kielektroniki za kina juu ya kila mgonjwa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali ya wilaya akisubiri faili lake la karatasi litafutwe angeweza kuwaambia kwamba hilo haliwezekani. Tatizo ni kwamba hakuna mtu wa namna hiyo aliyeulizwa kabla makala haijatoka. Tarehe 4 Juni, wiki mbili tu baadaye, waandishi 3 kati ya 4 waliomba makala iondolewe, kwa kuwa kampuni ilikataa kuwakabidhi wakaguzi huru data kamili. Siku hiyo hiyo jarida jingine kubwa, The New England Journal of Medicine, likabatilisha makala yake iliyotegemea kampuni hiyo.

Ipitishe makala kama ile kwenye programu ya ufanano. Utapata namba ndogo tu, maana maneno yalikuwa yao wenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: hii data iko wapi, na nani ameiona kwa macho yake?

Miaka 22 kabla, The Lancet hilo hilo lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyochunguza watoto 12 na kuashiria kwamba huenda chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Hapo pia hakuna aliyeiba sentensi. Uchunguzi wa mwanahabari Brian Deer, ulioanza kuchapishwa mwaka 2004, ulifichua kwamba Wakefield alikuwa akilipwa na mawakili waliojiandaa kuwashtaki watengenezaji wa chanjo, jambo ambalo hakuwaeleza wasomaji. Baraza la madaktari la Uingereza lilithibitisha pia kwamba alichukua damu ya watoto kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe, akawalipa pauni 5 kila mmoja. Makala ilibatilishwa Februari 2010, na Mei mwaka huo Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Hofu aliyoipanda bado inavunwa. Ukienda kwenye kampeni ya chanjo ya surua leo, Tanga au Mombasa, utakutana na mama aliyetumiwa uvumi huo kwa simu.

Kwa sababu ya visa vya namna hii, kibali cha maadili hakipaswi kuchukuliwa kama usumbufu wa makaratasi. Tanzania tafiti za afya hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kenya mtafiti huomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, pamoja na idhini ya kamati ya maadili. Nimesikia mara nyingi watafiti wakilalamika kwamba kibali kinachelewesha kazi, na malalamiko mengine yana haki. Ila fomu ya ridhaa aliyoweka dole gumba bibi mmoja kijijini ndiyo ushahidi pekee kwamba bibi huyo aliulizwa, na kwamba alikuwepo.

Jina la nani linakaa juu?

Wahariri wa majarida ya tiba, kupitia kamati yao ya kimataifa iliyoanzia kwenye mkutano wa Vancouver mwaka 1978, wana masharti manne kwa anayestahili kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya data au kuichambua, awe ameandika au kurekebisha maudhui yake, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kila kilichomo. Yote manne kwa pamoja. Kutafuta fedha peke yake hakutoshi. Kuwa mkuu wa idara hakutoshi. Kumiliki maabara hakutoshi.

Huku kwetu, tusemezane ukweli, masharti haya huvunjwa kwa heshima. Mwanafunzi anaandika makala kutokana na tasnifu yake, halafu anaongeza jina la mkubwa ambaye hata rasimu hakuisoma, kwa sababu "haifai kumwacha". Au kinyume chake: kijana aliyezunguka vijijini kwa bodaboda miezi kadhaa na dodoso mkononi anaishia kwenye mstari wa shukrani. Waandishi hewa upande mmoja, waandishi waliofutwa upande wa pili. Makala ikipata matatizo, wale hewa ndio wa kwanza kusema hawakujua.

Tuna mfano wa nyumbani wa namna jambo hili linavyofanywa vizuri, na inanisikitisha kwamba haufundishwi kama somo la maadili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akiharakisha asikose nafasi kwenye jokofu, aliingiza maziwa yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Akiwa huko huko Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali hilo mhadhiri mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanyike maabara. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwa la kwanza, na kijana akisimulia mwenyewe kwa maneno yake alivyoliona jambo hilo. Osborne alikuwa na maabara, cheo na nafasi ya kuchapisha. Angeweza kumtaja "mwanafunzi mmoja" na kuendelea na safari. Wanafizikia mpaka leo wanabishana iwapo maji ya moto kweli huganda haraka kuliko ya baridi, lakini wanabishana juu ya jambo lenye jina la Mpemba.

Linganisha na Jean-Jacques Muyembe, daktari wa Kongo. Mwaka 1976 alikwenda Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, kwenye mlipuko wa ugonjwa usiojulikana, akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono isiyo na glavu. Alirudi Kinshasa na mtawa aliyekuwa akiugua, na sampuli ya damu ikasafirishwa hadi Ubelgiji. Virusi vilivyopatikana tunaviita Ebola. Kwa miongo mingi simulizi ya ugunduzi ule iliyosambaa duniani iliwahusu watafiti wa Ulaya na Marekani, na jina la Muyembe likakaa pembeni. Hakuna programu inayopaka rangi jina lililokosekana. Tamko la Cape Town la mwaka 2022, lililotokana na kongamano la dunia la uadilifu wa utafiti, limesema bayana kwamba kuchukua sampuli na data za nchi maskini bila kuwashirikisha kwa haki watafiti wake ni suala la uadilifu, siyo la adabu tu.

Majarida hewa na viwanda vya makala

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali ya kuvu-mwani inayoua seli za saratani, akaijaza makosa ambayo mhakiki yeyote anayejua kemia ya sekondari angeyaona. Akaituma kwenye majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Inayonichoma zaidi ni namna alivyounda waandishi wake: alichanganya majina ya Kiafrika, na vyuo vyao akavitunga kwa maneno ya Kiswahili na majina ya miji mikuu ya Afrika. Alieleza sababu mwenyewe: mhariri akitafuta chuo hicho mtandaoni asikione, asingeshtuka sana ikiwa ni cha nchi inayoendelea. Na alikuwa sahihi. Kila makala mbovu inayotoka kwetu inaongeza nguvu kwenye dhana hiyo, na mzigo anabebeshwa mtafiti mkweli wa Morogoro au Kisumu ambaye kazi yake inatazamwa kwa jicho la shaka kabla haijasomwa.

Jarida hewa, yaani linalotoza ada na kuchapisha bila uhakiki wa kweli, hujitambulisha lenyewe ukijua pa kutazama. Barua pepe inakuita "daktari mheshimiwa" wakati hujamaliza hata shahada ya pili. Uhakiki unaahidiwa ndani ya siku tatu. Ada inatajwa baada ya makala kukubaliwa. Jarida linachapisha uvuvi, benki na upasuaji wa macho katika toleo moja. Wanaoingia humo wengi si walaghai. Ni wahadhiri ambao kupanda cheo kwao kunahesabiwa kwa idadi ya machapisho, na hakuna anayesoma kilichomo. Mfumo unaohesabu bila kusoma utaletewa vya kuhesabu. Wapo waliolipa fedha za mkopo wa SACCOS kwa jarida lililofungwa mwaka uliofuata, na makala yao ikapotea nalo. Kabla ya kulipa, tafuta jarida hilo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au, kwa majarida ya bara letu, AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika. Pia uliza kuhusu msamaha wa ada: wachapishaji wengi wakubwa huutoa kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, na wengi wetu hatuombi.

Viwanda vya makala ni biashara nyingine, kubwa zaidi: vinauza nafasi ya jina kwenye makala iliyokwisha andikwa. Vilipotaka kuikwepa mashine ya ufanano, vilitumia programu za kubadilisha maneno kwa visawe, na mwaka 2021 mtafiti wa Ufaransa Guillaume Cabanac na wenzake wakaanza kuzikusanya athari zake. Badala ya saratani ya matiti, makala hizo ziliandika kitu kama "hatari ya kifuani"; akili bandia ikawa "fahamu ghushi". Ni kazi ile ile ya mwanafunzi wetu anayekesha kushusha asilimia, ikifanywa kwa wingi na kwa malipo. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani, nyingi zikiwa za mchapishaji mmoja, Hindawi.

Kubatilishwa kwa makala, hata hivyo, kusichukuliwe daima kama aibu. Januari 2020 Frances Arnold, mshindi wa tuzo ya Nobel ya kemia ya 2018, alitangaza hadharani kwamba anaiondoa makala yake ya mwaka uliotangulia kwa sababu matokeo yalishindwa kurudiwa na daftari la maabara lilikuwa na mapengo. Alisema inauma, na akaomba radhi. Heshima yake haikupungua.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda uwandani mwezi ujao, mambo matatu yana faida kuliko kukesha na asilimia. Kaa na msimamizi wako sasa, kabla ya dodoso la kwanza, muandikiane nani atakuwa mwandishi na kwa mpangilio gani. Tunza data ghafi, madaftari na fomu za ridhaa mahali pawili. Na kila makala unayotaka kuitegemea, itafute kwanza kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, ambayo tangu Septemba 2023 iko chini ya Crossref, shirika linalosajili machapisho ya kitaaluma, na ni ya bure, kwa sababu makala zilizobatilishwa huendelea kunukuliwa miaka mingi na watu wasiojua kwamba zilikwisha ondolewa.